Kambi ya upasuaji wa watoto: usalama hupangwa kabla ya kisu na baada yake

Mtoto wa kilo 5 ana takriban mililita 400 tu za damu mwilini. Zikimwagika 40, kiasi kinachofyonzwa na vipande vichache vya gozi bila mtu kushtuka, ameshapoteza sehemu moja ya kumi. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na pumzi ikikatika oksijeni yake huporomoka haraka kuliko ya mtu mzima. Timu ya kujitolea inayokuja kushona midomo na makaakaa yaliyopasuka inapaswa kupanga kila hatua kwa kuzingatia udhaifu huo.

Hatua ya kwanza ni uteuzi. Kwa mdomo, madaktari wengi hutumia kanuni ya makumi matatu: umri wa wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo 4.5 hivi, na himoglobini ya gramu 10 kwa desilita. Kaakaa husubiri zaidi, mara nyingi hadi mtoto akaribie mwaka mmoja au aupite. Mwenye homa au kikohozi huahirishwa, maana njia ya hewa iliyovimba hubana kwa urahisi akiwa usingizini. Moyo husikilizwa, kwa kuwa baadhi ya watoto hawa wana kasoro nyingine za kuzaliwa. Aliyekonda kwa kushindwa kunyonya hupewa lishe kwanza. Kumwambia mama aliyetoka mbali kwamba zamu ya mwanawe bado kunauma, lakini upasuaji huu si wa dharura, na lisilo la dharura halistahili kuchezewa bahati nasibu ya uhai.

Hatua ya pili ni usingizi. Mtoto hufungishwa maziwa ya mama kwa saa 4 na chakula kigumu kwa saa 6, ili asitapike na matapishi yakaingia mapafuni. Mtaalamu wa usingizi awe amezoea watoto. Kipima oksijeni cha kidoleni kiwepo kwenye kila meza, na kingine chumba cha kuzindukia.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka thieta. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ikiwamo. Matokeo ya mwaka 2009 yalionesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Waliochunguzwa walikuwa na umri wa miaka 16 na zaidi, ila kanuni yake inawafaa watoto pia: gozi iliyowekwa kooni kuzuia damu ikisahaulika, mtoto hukosa hewa, na kuihesabu kwa sauti ndiyo kinga.

Hatua ya tatu ndiyo inayopuuzwa zaidi. Baada ya kushona kaakaa, damu inaweza kutoka tena usiku, na ulimi uliobanwa muda mrefu huweza kuvimba ukaziba koo. Mtoto huyo alale wodini, chini ya macho ya muuguzi anayejua la kufanya. Kidonda kinaweza kuachia tundu siku au wiki kadhaa baadaye, na usemi hudai mazoezi ya miezi. Wageni watakuwa wameshaondoka.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi unapoamua matokeo. Shirika la Operation Smile lilianza mwaka 1982 kwa safari ya madaktari kwenda Ufilipino. Smile Train, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilichagua kuwafundisha na kuwasaidia madaktari wa nchi husika, ambao mtoto atawakuta hata mwezi ujao. Ninaiunga mkono njia hiyo ya pili, na wageni wana nafasi ndani yake kama wakufunzi.

Kwa hiyo mganga mkuu wa hospitali yoyote inayopokea kambi na awaulize wageni maswali matatu kabla ya kusaini barua: nani atalala wodini usiku wa kwanza, nani atamwona mtoto baada ya mwezi, na nani hapa atakuwa amejifunza nini mkiondoka. Wakikosa jibu hata kwa swali moja, tarehe ya kambi isogezwe.