Hesabu Inaanza Lini?

Kupanga kipindi cha bajeti ni kuamua siku ya kufungua daftari na siku ya kulifunga. Kwa wateja wa Google Cloud, kazi hiyo hufanyika kwa kubofya kwenye ukurasa wa malipo, au kwa msimbo unaotumwa kupitia kiolesura cha programu. Msimbo wenyewe ni mistari michache. Ugumu uko katika swali ambalo kila mtunza hesabu wa zamani alianza nalo kabla ya kuchovya kalamu: tunahesabu tangu lini?

Njia ni mbili, na bajeti moja hubeba moja tu. Ya kwanza ni kipindi cha kalenda: mwezi, robo mwaka au mwaka. Robo huanza tarehe 1 ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kipindi kikiisha, hesabu hurudi sifuri na kuanza upya yenyewe. Ya pili ni kipindi maalumu, ambapo fundi hutaja mwaka, mwezi na siku ya kuanza, na akipenda, siku ya kumaliza. Asipotaja mwisho, matumizi huendelea kujumlishwa tangu siku ile ya kwanza. Asipochagua lolote kati ya haya, mtambo humpa mwezi.

Wengi siku hizi hupokea mwezi huo bila kuuliza. Lakini mwaka wa fedha wa serikali za Kenya, Tanzania na Uganda huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Ofisi inayoufuata, ikiweka mwaka wa kalenda, hulikata daftari lake katikati ya kazi. Robo hazina tatizo, maana mipaka yake inalingana, ingawa robo ya Julai ndiyo ya kwanza kwao. Mwaka mzima hudai kipindi maalumu, nacho hakijirudii: kila Juni ikiisha, lazima mtu akumbuke kuandika kingine.

Kipindi maalumu kina gharama yake. Bajeti ya namna hiyo haiwezi kuchukua matumizi ya kipindi kilichopita kuwa kiwango chake, wala haitoi tahadhari kwa makadirio ya matumizi yajayo. Fundi hutaja kiasi mwenyewe, kisha husubiri matumizi halisi yakifikie.

Kinachomtenga fundi na mbabaishaji, hata hivyo, ni saa. Siku ya daftari hili huanza saa sita usiku kwa majira ya Pasifiki ya Marekani na Kanada. Wakati huo Nairobi na Dar es Salaam ni saa tano asubuhi, au saa nne Wamarekani wanapokuwa wamesogeza saa zao mbele. Kazi iliyofanywa na kompyuta alfajiri ya 1 Julai, huku muadhini akiita, bado huhesabiwa Juni.

Kwa Waswahili, kuchagua mpaka wa siku si jambo geni. Kwao siku mpya huingia jua likizama, na usiku wa kuamkia Ijumaa ni mali ya Ijumaa. Saa moja huhesabiwa kutoka macheo, si kutoka usiku wa manane. Wakulima na mabaharia wa pwani walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, wakiugawa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo walijua lini wapande na lini watweke tanga. Aliyekosea mwanzo wa hesabu alikosa mvua au pepo. Leo mpaka wa siku huwekwa mbali, ukapokewa kimya, na anayeuliza saa huonekana mchokozi.

Bajeti haizuii matumizi. Kazi yake ni kutoa tahadhari matumizi yanapofika asilimia iliyopangwa, tuseme 50, 90 au 100. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema lolote kuhusu daftari lililofunguliwa siku isiyo yake. Hilo hutoa habari, tena kwa usahihi wa senti, ila ni habari za siku nyingine.