Mshumaa wa Nane Nane: kumpima mtoa data za hisa

Tarehe 8 Agosti, sikukuu ya wakulima ya Nane Nane, watu wa Arusha wakiwa wamejaa viwanja vya Themi kutazama ng'ombe wa maziwa na matrekta, Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) huwa limefungwa. Basi anayetaka kukuuzia bei za hisa kwa ajili ya programu yako ya chati, mwombe kwanza bei za wiki hiyo. Akikuletea mshumaa (alama ya bei za siku kwenye chati) wa Nane Nane, kalenda yake si ya Tanzania. Huenda ni ya Nairobi. Ruka hadi Desemba uhakikishe: kama tarehe 9, sikukuu ya Uhuru wetu, ina bei na tarehe 12, Jamhuri ya Kenya, haina, umeshapata jibu.

Kosa la kalenda hurekebishika. Linaloumiza zaidi ni siku ambazo soko liko wazi na hakuna aliyenunua. Programu kama AmiBroker zinataka kila siku iwe na bei ya kufungulia, ya juu, ya chini, ya kufungia, na idadi ya hisa zilizouzwa. Benki za CRDB na NMB zinazijaza safu hizo bila shida. Lakini Precision Air, iliyoanzia hapa Arusha kwa ndege za kukodi na kuuza hisa kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 475, inaweza kupitisha siku nyingi bila hisa kubadili mikono. Mtoa data mvivu hurudia bei ya jana. Programu nayo, haina habari, hukokotoa wastani na kukuchorea mstari mnyoofu unaofanana na utulivu wa bei, kumbe ni ukimya wa wanunuzi. Ndiyo maana mimi naanza na safu ya idadi ya hisa kabla ya bei yenyewe. Sifuri iliyoandikwa waziwazi naiamini. Bei isiyo na idadi kando yake siigusi.

Kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Dar, kama KCB na EABL, zina mtego wake. Bei yake huku kwa kawaida ni ile ya Nairobi iliyogeuzwa kuwa shilingi yetu, kwa hiyo chati inapanda na kushuka hata kwa sababu ya thamani ya fedha tu. DSE yenyewe ina fahirisi kuu mbili: DSEI inayojumuisha zote, na TSI ya kampuni za ndani pekee. Anayekupa DSEI bila TSI amekupa hali ya hewa ya Nairobi ukiwa umesimama chini ya Meru.

Kenya Airways ni kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Biashara ya hisa zake ilisimamishwa Nairobi Julai 2020, ikafunguliwa tena Januari 2025. Data safi zina shimo la miaka minne na nusu. Data mbovu zina mstari wa shilingi 3.83 za Kenya, siku baada ya siku. KCB nayo iligawa kila hisa kuwa kumi mwaka 2007. Kama bei za nyuma hazikurekebishwa, utaona anguko ambalo halikumpotezea mwanahisa hata senti.

Gawio lina utata wake. Miaka hii wanahisa wa CRDB hukutana AICC, kituo cha mikutano cha Arusha, mwezi Mei, na kwa mwaka 2023 waliidhinisha shilingi 50 kwa hisa. Watoa data wengine huondoa gawio katika bei za zamani, wengine huziacha zilivyo. Njia zote mbili zinafaa, ila mtoa data asiyeweza kukuambia anatumia ipi, mwache.

Halafu saa. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Bei ya Jumatatu iliyowekewa muhuri wa saa sita kamili usiku kwa saa zetu, ikigeuzwa kwenda UTC, inakuwa ya Jumapili saa tatu usiku. Chati yenye mishumaa ya Jumapili na isiyo na hata Ijumaa moja inaugua ugonjwa huu.

Swali la mwisho ni kama mtoa data bado anazo bei za Acacia, kampuni ya dhahabu iliyoondoka sokoni mwaka 2019 baada ya Barrick kununua hisa zake zilizobaki. Wengi hufuta kampuni zilizoondoka, na ukijaribu mbinu yako ya biashara juu ya zilizobaki tu, itaonekana ya kijanja kuliko ilivyo.

Kwa anayefuata hisa nne au tano, sioni haja ya kumlipa mtu. DSE hutoa taarifa ya soko kila siku ya kazi. Safu tano za tarakimu unaziandika mwenyewe kwenye faili la CSV kabla chai haijapoa.