Ruhusa, si Uvumilivu: Juu ya Sarufi ya Mchoro wa Ufundi

Wahakiki wa lugha wamezoea kuchunguza maandishi yaliyofumwa kwa maneno. Makala haya yanachunguza andiko la namna nyingine, yaani mchoro wa ufundi, na hasa zile alama zinazomwambia fundi ni kwa kiasi gani umbo la chuma laweza kuachana na umbo lililochorwa bila ya kuharibu kazi. Wahandisi wetu, waliofundishwa kwa Kifaransa, huziita tolérances géométriques. Mfasiri anayelishika neno hilo kwa sura yake ya nje huandika mara moja “uvumilivu wa kijiometria”. Tunaona kwamba tafsiri hiyo yapotosha maana ya mchoro tangu neno la kwanza, na kwamba upotofu huo hauwezi kuonekana mpaka tusome alama zenyewe jinsi zinavyofanya kazi.

Hakuna mashine iwezayo kutoboa tundu mahali palepale hasa palipochorwa. Kwa muda mrefu wachoraji walilikabili jambo hili kwa kuandika kipimo pamoja na alama ya kuzidi na kupungua. Tuchukue bamba lenye tundu moja, lililo mm 50 kutoka ukingo wa kushoto na mm 30 kutoka ukingo wa chini, kila kipimo kikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa mm 0,1. Kwa mtazamo wa kwanza maelezo hayo hayana kasoro. Lakini tukichora mahali pote ambapo kitovu cha tundu chaweza kuangukia, tunapata mraba wenye upande wa mm 0,2. Kitovu kilichokwenda pembeni mwa mraba, umbali wa mm 0,14 kutoka mahali pake, kinakubaliwa. Kitovu kilichosogea mm 0,11 tu kuelekea kulia kinakataliwa, na bamba hutupwa. Bolti itakayopita humo ni ya mviringo, haijui kulia wala pembeni. Mraba huo haukuchaguliwa na mtu yeyote. Umezaliwa na namna ya kuandika. Hapo mchoro unasema jambo ambalo mchoraji hakukusudia kulisema.

Aliyelitambua hilo na kulitolea dawa anatajwa kuwa Stanley Parker, aliyefanya kazi katika kiwanda cha serikali cha torpedo huko Alexandria, Skotlandi. Viwanda ambavyo havijawahi kutengeneza silaha za majini vilikuwa vikipewa kazi hiyo, na mchoro ulipaswa kueleweka kwa fundi asiyemjua mchoraji wala hawezi kumwuliza. Mwaka 1940 Parker alichapisha maelezo juu ya usanifu na ukaguzi wa vyombo vinavyotengenezwa kwa wingi, na mwaka 1956 kitabu kizima juu ya michoro na vipimo. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Kama pembe ya mraba inakubalika, basi umbali uleule unakubalika kila upande. Kwa hiyo eneo linalostahili ni duara linalopita katika pembe zote nne. Duara hilo lina kipenyo cha mm 0,28 na eneo lake linauzidi mraba kwa asilimia 57. Vipande vilivyokuwa vikitupwa vikawa vizuri, na chuma chenyewe hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maandishi.

Leo hukumu hiyo huandikwa katika kisanduku kirefu kilichogawanywa vyumba, nacho husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama sentensi. Chumba cha kwanza hubeba alama ya sifa inayotakiwa: unyoofu, ubapa, uduara, usambamba, uwima, mahali, na nyinginezo. Cha pili hubeba kiasi, na mbele ya kiasi hicho alama ya kipenyo ikiwa eneo ni la duara. Vyumba vinavyofuata hubeba herufi za misingi, yaani nyuso ambazo kipimo huanzia. Vile vipimo 50 na 30 navyo hufungwa kila kimoja katika kijisanduku chake, kuonyesha kwamba ni vipimo kamili vya kufikirika visivyo na kuzidi wala kupungua.

Mpangilio wa herufi hizo si pambo. Kikiandikwa A, kisha B, kisha C, kipande hulazwa kwanza juu ya uso A, ambao hugusa angalau katika nukta tatu; kisha husukumwa kwenye B, nukta mbili; mwisho kwenye C, nukta moja. Ubavu B na ubavu C wa chuma halisi haufanyi kamwe pembe mraba kamili. Kwa hiyo anayebadilisha nafasi ya B na C anakigeuza kipande juu ya meza ya ukaguzi, na tundu lililokuwa zuri laweza kukataliwa. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa mengi hapa: “rafiki wa mtoto” si “mtoto wa rafiki”, ingawa maneno ni yaleyale.

Lugha hii ina hata kishazi cha masharti. Tuseme tundu linaruhusiwa kuwa na kipenyo cha mm 10,0 hadi 10,2, na kisanduku kinatoa mm 0,2 kwa mahali pake, kikifuatiwa na herufi M ndani ya duara. M hiyo yasema kwamba mm 0,2 ni haki ya tundu dogo kabisa, pale chuma kinapobaki kingi. Tundu likitobolewa kwa mm 10,15, mm 0,15 zilizoongezeka huhamia kwenye mahali, na ruhusa inakuwa mm 0,35. Sababu yake ni kwamba bolti ileile hupata mwanya zaidi. Sisi tungeyasema haya kwa “-ki-” au “endapo”. Mchoraji huyasema kwa herufi moja.

Sasa turudi kwenye neno. Kuvumilia ni kustahimili jambo baya au zito. Mtu huvumilia njaa, huvumilia matusi, huvumilia jirani mkorofi. Ni kweli kwamba asili ya neno la Kifaransa katika Kilatini ina maana iyo hiyo, lakini neno lilipoingia karakanani lilikwisha kuiacha. Tundu lililokengeuka mm 0,19 ndani ya ruhusa ya mm 0,2 halina ubaya wowote unaostahimiliwa, na lile lenye mm 0,21 haliombewi huruma. Aliyefundishwa kwamba hilo ni suala la uvumilivu atauliza, na kwa haki, kwa nini mkaguzi hakuvumilia kidogo zaidi. “Kosa linaloruhusiwa” nalo halifai, maana ndani ya eneo hilo hakuna kosa. “Nafasi” lingependeza kwa wepesi wake, ila lingegongana na mahali pa kitu, ambapo pia huitwa nafasi. Tunapendekeza “ruhusa”: ruhusa ya ubapa, ruhusa ya mahali, eneo la ruhusa. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka, ina mpaka, na aliye ndani ya mpaka hana deni.

Hata hivyo jina zuri halitoshi, kwa kuwa sarufi yenyewe haiko moja. William Taylor wa Uingereza alionyesha mwaka 1905 kwamba geji ya kupitisha yapasa kupima umbo zima kwa wakati mmoja, na ile ya kukataa ipime kipimo kimoja kimoja. Kanuni ya Marekani, ASME Y14.5, inafuata moyo huo: pini ya mm 20 yenye ruhusa ya kuzidi au kupungua mm 0,1, ikifikia mm 20,1 kila mahali, lazima iwe nyoofu kabisa. Kanuni ya kimataifa, ISO 8015, iliyotolewa mwaka 1985 na kupanuliwa mwaka 2011, yatenganisha ukubwa na umbo. Kwayo pini ileile yaweza kupinda kama ndizi na kila kipimo cha nukta mbili kikawa sahihi. Anayetaka unyoofu aandike ruhusa ya unyoofu, au aweke E ndani ya duara. Tofauti haziishii hapo. Toleo la mwaka 2018 la Wamarekani limeziondoa alama za kitovu kimoja na za ulinganifu, na ISO inazo bado.

Karakana za Katanga hupokea mashine na vipuri kutoka pande hizi zote mbili. Pini iliyopinda haiingii tunduni kwa sababu tu ilipimwa kwa haki ya kanuni nyingine, na ubishi kati ya mnunuzi na mtengenezaji juu ya mchoro mmoja huwa ni wa wasomaji wawili wenye sarufi mbili, kila mmoja akiwa sahihi kwa sarufi yake. Katika baadhi ya tafsiri tulizopata kuziona, mfasiri alikuwa amefasiri majina ya vipande na maelezo ya rangi, akakiruka kile kimstari kidogo katika jedwali la pembeni kinachotaja kanuni inayofuatwa, kwa kukidhani ni anwani tu. Kimstari hicho ndicho kingepaswa kuandikwa kwanza, na kwa herufi zinazosomeka.