Ngoma Isiyo na Ngoma: Uhakiki wa Onyesho la Kecak Kando ya Hekalu la Uluwatu, Bali

Neno ngoma katika Kiswahili hubeba mengi. Ni chombo kinachopigwa, ni mwendo wa miili inayocheza, ni nyimbo zinazoandamana na mwendo huo, na pengine ni tiba au ibada yenyewe, kama isemwavyo ngoma ya pepo. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anayekutana na Kecak ya kisiwa cha Bali hupata shida ya lugha kabla hajafikia shida ya sanaa. Hii ni ngoma isiyo na ngoma. Hakuna ngozi iliyowambwa, wala hakuna shaba za gamelan ambazo zimekipa kisiwa hicho sifa duniani. Kuna koo za wanaume 50 au zaidi waliokaa chini kwa duara. Tena ni ngoma inayochezwa ubavuni mwa hekalu bila kuwa ibada. Uhakiki huu unahusu onyesho lichezwalo jioni karibu na hekalu la Uluwatu, na swali linalouongoza ni hili: je, sanaa iliyoundwa kwa ajili ya macho ya mgeni yaweza kuwa mali ya wanaoicheza?

Hekalu lenyewe, Pura Luhur Uluwatu, limejengwa kwenye ncha ya kusini-magharibi ya rasi ya Bukit, juu ya jabali la chokaa lenye kimo cha mita 70 hivi kutoka Bahari ya Hindi. Wabali hulihesabu miongoni mwa mahekalu makuu yanayokilinda kisiwa chao. Mapokeo yanasema kwamba Mpu Kuturan alihusika na kuwekwa kwake katika karne ya 11, na kwamba kasisi Nirartha, aliyetoka Java katika karne ya 16, alimalizia safari yake ya dunia mahali hapo kwa kuungana na Mungu. Mgeni hutakiwa kujifunga kitambaa kiunoni kabla ya kuingia, na hata akiisha kujifunga haruhusiwi kuingia ua wa ndani, ambao ni wa waumini peke yao. Kwa kweli kilichobaki kwa macho yake si kingi: malango ya mawe, njia inayofuata ukingo wa jabali, na bahari inayopiga chini kabisa. Wapo wanaorudi wakilalamika kwamba hekalu ni dogo na kwamba hawakuonyeshwa kitu. Malalamiko hayo yanatokana na kudhani kwamba kila jengo zuri limejengwa ili litazamwe. Uluwatu hujali zaidi kulinda kuliko kuonyesha, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwa kuelewa yanayotendeka nje yake jioni.

Tumbili wa mahali hapo nao wastahili maneno machache. Hunyakua miwani, kofia na simu za wageni, kisha hukaa juu ya ukuta wakingoja walinzi wawape chakula ndipo waachilie walichochukua. Mtafiti Fany Brotcorne wa Chuo Kikuu cha Liège na wenzake waliandika mwaka 2017 kuhusu mazoea hayo, na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba tumbili waliokomaa hupendelea kuiba vitu ambavyo wanadamu huvithamini sana, na hudai malipo makubwa zaidi kwa hivyo. Mlangoni mwa onyesho lenye jeshi la tumbili, biashara hiyo ni utangulizi ambao hakuna mtunzi aliyeuandika.

Onyesho huanza yapata saa kumi na mbili jioni katika uwanja wa wazi wenye viti vilivyopanda ngazi kwa ngazi. Bali iko karibu na digrii 8 kusini mwa ikweta, na kama ilivyo katika nchi zote za ukanda huo, magharibi haikawii: jua likisha kugusa maji, giza hushuka upesi. Mchezo wa muda wa saa moja hivi huanza kwenye mwanga wa dhahabu na kumalizikia katika giza kamili. Taa yenye ndimi nyingi za moto huwekwa katikati ya uwanja. Kasisi huwanyunyizia wachezaji maji matakatifu. Wanaume huingia vifua wazi, wamevaa vitambaa vya drafti nyeusi na nyeupe, nao huizunguka taa safu nyuma ya safu.

Hapo ndipo sauti inapoanza. Silabi ni moja tu, cak, inayotamkwa kama “chak”. Lakini haisemwi na wote kwa pamoja. Kundi moja huitia pale ambapo kundi jingine limenyamaza, na la tatu hujaza pengo lililoachwa na hayo mawili, hata sikio haliwezi tena kusema ni nani aliyeanza. Mmoja hushika mapigo ya msingi kwa sauti nzito, mwingine huimba juu yao, na msimulizi, dalang, huwapa wahusika sauti. Kanuni hiyo ya kupishana ndiyo kanuni ya gamelan. Wabali wameitoa katika shaba na kuitia kinywani. Basi msemo wa “ngoma isiyo na ngoma” wataka marekebisho kidogo: ala ipo, nayo ni kundi lenyewe, na ikiwa mtu mmoja atachelewa, pengo lake husikika kama ufa katika chungu.

Kisa ni cha utendi wa Ramayana. Rama, mkewe Sita na ndugu yake Laksmana wako msituni. Paa wa dhahabu anawavuta wanaume mbali. Rahwana, mfalme wa majitu, anamteka Sita. Ndege Jatayu anajaribu kumwokoa na kushindwa. Hanuman, tumbili mweupe, anavuka kwenda Alengka kumpelekea pete. Katika maonyesho ya Uluwatu kilele ni Hanuman kukamatwa na kuzungushiwa moto. Makumbi ya nazi huwashwa kweli, naye huyapiga teke na kutoka.

Watalii huiita Kecak “ngoma ya tumbili”, nalo jina hilo limeidhuru. Ni kweli kwamba wanakikundi ni jeshi la tumbili mambo yanapofikia vita. Lakini kabla ya hapo mikono yao iliyoinuliwa na vidole vinavyotetemeka huwa msitu, miili inayolala nyuma kwa pamoja huwa upepo, na duara linalojifunga huwa ukuta unaomzuia Sita. Wachezaji hawa hawana mapambo ya jukwaa wala pazia. Wao ndio jukwaa. Anayewaona kuwa tumbili tangu mwanzo hadi mwisho amepoteza zaidi ya nusu ya kile alicholipia.

Asili ya mtindo huu inajulikana vizuri, na ndiyo iliyozua ubishi. Kiitikio cha cak ni cha zamani na kilikuwa sehemu ya sanghyang, ngoma ya kupandisha roho ambamo wasichana wadogo huingia katika hali ya kujisahau ili kijiji kiepushwe na maradhi na balaa. Kwa maneno ya Kiswahili, huko ni karibu sana na ngoma ya pepo. Katika miaka ya 1930, Wayan Limbak wa kijiji cha Bedulu aliingiza katika nafasi ya kiongozi wa kiitikio miondoko ya baris, ngoma ya askari. Mchoraji Mjerumani Walter Spies, aliyekuwa akiishi Bali tangu mwaka 1927, alipendezwa na jambo hilo, naye akahimiza kiitikio kitolewe katika sanghyang na kuunganishwa na kisa cha Ramayana ili kitazamwe na wageni. Spies pia alishauri utengenezaji wa filamu Insel der Dämonen, iliyotoka mwaka 1933, na mwaka 1938 alitoa pamoja na Beryl de Zoete kitabu kinachosomwa hadi leo kuhusu ngoma na tamthilia za Bali. Alikufa mwaka 1942 meli iliyombeba akiwa mfungwa ilipopigwa bomu. Limbak aliishi hadi mwaka 2003. Vitabu vingi vilimtaja Mjerumani kwanza, na Limbak baadaye au asitajwe kabisa. Huo ni upungufu wa uhakiki: aliyependekeza fremu amehesabiwa mtunzi, na aliyetoa mwili na sauti amehesabiwa chombo.

Mazingira ya uvumbuzi huo hayakuwa ya amani tupu. Waholanzi waliuteka ufalme wa Badung mwaka 1906, na mauaji ya siku hizo yaliwatia aibu mbele ya dunia. Baadaye walijitangaza kuwa walinzi wa utamaduni wa Bali, wakafungua hoteli mjini Denpasar mwaka 1928, na mwaka 1931 wakawapeleka wachezaji wa Bali kwenye Maonyesho ya Kikoloni ya Paris, huko Vincennes. Kecak haikuwamo. Huko ndiko Antonin Artaud alikowaona wachezaji hao na kupata mawazo yaliyoingia katika Le Théâtre et son double. Msomaji wa Kongo atakumbuka kwamba Ubelgiji nayo ilijenga banda la Kongo katika uwanja ule ule. Mataifa yaliyotawaliwa yaliwekwa bega kwa bega yatazamwe, na mtazamaji akaambiwa kwamba anachokiona ni cha kale, hakijaguswa.

Dai hilo la ukale ndilo mtego. Wahakiki waliogundua kwamba Kecak ni ya miaka ya 1930 walifurahi kama waliomkamata mwizi, wakaiita bandia. Hoja yao inakubali bila kujua kanuni ya wale waandalizi wa Vincennes, kwamba sanaa ya watu wa mbali ni halali ikiwa tu haina tarehe. Rumba ya Kongo ilikua katika miaka hiyo hiyo ya 1930 na 1940, kwa sahani za santuri zilizotoka ng'ambo na magitaa ya kununuliwa, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika katika orodha yake ya urithi bila mtu wa Kinshasa wala wa Brazzaville kuuliza kama ni ya asili.

Wabali wenyewe walilikabili swali hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1971, miaka miwili baada ya uwanja wa ndege wa Ngurah Rai kufunguliwa kwa ndege kubwa, walifanya semina Denpasar kutenga ngoma zao katika makundi matatu: wali, zilizo ibada, bebali, zinazosindikiza ibada, na balih-balihan, za kutazamwa. Mfaransa Michel Picard, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alionyesha jinsi mpaka huo ulivyokuwa mgumu kuuchora, kwa kuwa ngoma moja yaweza kuvuka kutoka kundi hadi kundi kwa kubadili mahali na nia tu. Mpaka umechorwa hata hivyo. UNESCO ilipokutana Windhoek, Namibia, mwaka 2015 na kuziandika ngoma tisa za makundi hayo matatu, sanghyang dedari ilikuwamo, Kecak haikuwamo.

Neno ngoma la Kiswahili lisingeruhusu utengano huo kwa urahisi, kwa kuwa limeweka ibada na burudani chini ya paa moja. Hata hivyo Uluwatu inaonyesha faida yake. Ua wa ndani umefungwa, na uwanja wa nje umefunguliwa. Mgeni hupewa kitu kizuri, kilichotengenezwa kwa ajili yake kwa ustadi, na hapewi kile ambacho si chake. Maji matakatifu ya mwanzo si maigizo kwa ajili ya kamera. Ni ulinzi wa watu wanaofanya kazi karibu na mahali patakatifu, nao wangeyahitaji hata viti vingekuwa vitupu. Mwaka 2020, Indonesia ilipowafungia watalii mipaka, maonyesho ya watalii yalinyamaza. Sadaka za kila siku ziliendelea kuwekwa.

Kasoro za onyesho ziko kwingine. Ya kwanza ni Hanuman. Mcheshi anayepanda katikati ya watazamaji, kuwashika vichwa na kupiga nao picha huleta kicheko cha kweli, na mzaha si mgeni katika tamthilia za Bali. Lakini mzaha huo hurefushwa hata kiitikio kinabaki kikingoja, na moto unapowashwa hatari imekwisha kupungua. Ya pili ni Sita, ambaye katika kisa ni kiini cha vita na katika uwanja ni umbo la kupendeza lililoketi. Kiitikio kinampa machache sana. Ya tatu ndiyo kubwa: jua. Viti vinavyotazama bahari ndivyo vinavyokimbiliwa, na kwa dakika kumi au kumi na tano nzuri za mchezo, wakati Sita anapotekwa, simu zote zimeelekezwa juu ya vichwa vya wachezaji. Machweo yamekuwa mhusika mkuu asiyelipwa. Mazungumzo ya bei, ya tiketi, na ya mahali pa kukaa yote yanamhusu yeye.

Wanaume wa Pecatu wanaoimba chini ya mwanga huo hawaonekani kukasirika. Wengi wao huja baada ya kazi ya mchana, na ustadi wao hauhitaji macho ya mtu ili ukamilike, kwa sababu kila mmoja anasikilizwa kwanza na jirani yake wa duara, ambaye hawezi kuingiza sauti yake asiposikia kimya cha mwenzake. Msanii Sardono Kusumo kutoka Java alipofanya kazi na wanakijiji wa Teges katika miaka ya 1970, alichukua kiitikio hicho na kukipeleka mbali na kisa cha kawaida. Wayan Dibia, mcheza ngoma na mwanachuoni wa Bali aliyechapisha kitabu kuhusu Kecak mwaka 1996, naye alitunga mpya. Fremu ya mwaka wa Spies imevunjwa na kuundwa tena mara nyingi na Waindonesia wenyewe, na kila mara kilichobaki ni ile kazi ya koo zinazopishana. Anayetaka kuisikia sawasawa pale Uluwatu na achague viti visivyogombaniwa, vile ambavyo bahari na jua viko mgongoni.