Nafsi ya Wingi katika Wokovu: Kuhusu Kitabu cha Vincent Donovan

Swali la kama Mungu humwita mtu mmoja mmoja au huwaita watu wakiwa umma huachiwa wanateolojia. Katika Kiswahili, hata hivyo, swali hili limekaa ndani ya kitenzi. Asemaye "nimeokoka" ametumia nafsi ya kwanza umoja, ametumia -me- inayoonyesha hali iliyotimia na inayodumu, na ametumia kauli ya kutendeka, ambayo haimtaji mtenda. Lau angesema "nimeokolewa", msikilizaji angekuwa na haki ya kuuliza: na nani? "Tumeokoka" ni sahihi kisarufi, lakini aghalabu ni jumla ya "nimeokoka" nyingi, si tendo moja la watu wengi.

Usemi huu una historia. Uliimarishwa na Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Kenya mwaka 1937. Mtu alisimama mbele ya wenzake akaungama dhambi zake yeye mwenyewe, wala si za ukoo wake. Si haki kuudharau ushuhuda huo kwa kuuita ubinafsi wa Kizungu. Baada ya mwaka 1952, katika nchi ya Wakikuyu, ndugu wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Kiapo kilidai umoja wa watu. Wao walijibu kwa nafsi ya umoja, wakajua gharama yake.

Kitabu cha Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, kilichochapishwa mwaka 1978 kwa jina la *Christianity Rediscovered*, kimesimama upande wa pili. Mnamo Mei 1966, akiwa misheni ya Loliondo, Tanzania, Donovan alimwandikia askofu wake kwamba licha ya shule na hospitali, misheni hiyo haikuwa na Mmasai mtu mzima hata mmoja aliyeishika dini. Akaomba ruhusa ya kuziendea boma na kuzungumza na Wamasai juu ya Mungu tu. Baada ya mafundisho ya mwaka mmoja hivi, alitaka kuwachuja waliostahili kubatizwa: huyu hakuhudhuria, yule hakuelewa, mwingine imani yake haba. Mzee ambaye Donovan anamwita Ndangoya akamzuia. Hoja yake ilikuwa kwamba padri anawatenga watu ambao katika maisha hawakutengana. Mvivu husaidiwa na mwenye bidii, na mwenye imani ndogo hubebwa na mwenye imani kubwa. Wote walibatizwa.

Maandiko yenyewe yanamuunga mkono mzee huyo kuliko wahubiri wengi wanavyodhani, na hapa msomaji wa Kiswahili amebahatika. Amri ya kuutimiza wokovu katika Wafilipi 2:12, hekalu la Mungu katika 1 Wakorintho 3:16, na Kristo aliye ndani katika Wakolosai 1:27, zote katika Kigiriki zimeelekezwa kwa nafsi ya pili wingi. Kiingereza cha leo kimepoteza tofauti ya "wewe" na "ninyi" ambayo Biblia yao ya mwaka 1611 iliihifadhi. Kiswahili hakijaipoteza. Inashangaza basi kumsikia mhubiri akisoma "ninyi" kitabuni, kisha akafafanua kwa "wewe", kana kwamba mahubiri yake yamepitia kwanza katika Kiingereza.

Lakini Donovan hakuuliza swali ambalo mwanafunzi wa lugha angeliuliza mapema: "sisi" ya Ndangoya inamjumuisha nani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuitamka? Wanawake walikuwa katika mkutano ule, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa waliotaka kuachwa. Sauti zao hazisikiki. Zaidi ya hayo, neno alilolichagua kwa maana ya kanisa ni *orporor*, yaani rika, na mwanamke wa Kimasai hatahiriwi kuingia katika rika. Dorothy Hodgson, katika utafiti wake wa mwaka 2005 juu ya misheni za shirika hilohilo Tanzania, ameonyesha kwamba mapadri waliwalenga wanaume, na waliojaa makanisani wakawa wanawake, mara nyingi wanaume wao wakipinga.

Donovan mwenyewe ametupa ushahidi dhidi ya nadharia yake. Anaeleza kuwa wanaume wa Kimasai hawakula mbele ya wanawake, naye akashikilia kwamba Ekaristi sharti iliwe pamoja. Hapo hakuungojea umma uafikiane. Aliuvunja, na alifanya vema.

Upande wa Kenya jambo hili si la nadharia. Katika mji wa Kajiado, shule ya bweni ya wasichana ya Kanisa la African Inland, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilipata kuwa kimbilio la wasichana waliotoroka kuozwa mapema, hasa wakati wa mwalimu mkuu Priscilla Nangurai. Msichana huyo hakubebwa na imani ya boma lake. Aliondoka peke yake, usiku pengine, na "nimeokoka" yake ina maana ambayo kauli ya kutendeka haiwezi kuificha.

Na umma wenyewe umebadilika. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, iliyotokana na sheria ya mwaka 1968, iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapewa hati yake. Pale Kware, mahali palipopata jina kutokana na machimbo ya mawe, wapangaji wametoka pande nyingi na hawana rika la kuwabatiza pamoja. Kwa hiyo anayetaka kumfasiri Donovan kwa Kiswahili atafanya vizuri kuliepuka neno "rika". Lipo "jumuiya", ambalo maaskofu wa Kanisa Katoliki wa Afrika ya Mashariki walilipa uzito mpya walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuzisisitiza jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya hukutana nyumba kwa nyumba, mwanamke aweza kuwa mwenyekiti wake, na anayehamia leo huingizwa bila kuulizwa alitahiriwa na akina nani.