Kusifu Nchi kwa Maneno ya Nchi: Maoni juu ya Usomaji wa Mashairi Lamu

Kuisifu nchi kwa mashairi ni desturi ya zamani katika visiwa vya Lamu, na hata leo watu wa huko hukutanika jioni kuwasikiliza watungaji wao wakisifu mji, bahari na mambo ya wazee. Katika mkutano mmoja wa namna hiyo niliopata kuhudhuria, mengi ya mashairi yalikuwa ya mishororo minne na mizani 16. Kwa upande wa vina na mizani hapana kubwa la kulaumu. Swali lililobaki ni jingine: je, nchi iliyosifiwa ilionekana?

Mara nyingi haikuonekana. Watungaji wengi walishika njia moja. Walitaja Manda, Pate, Siyu na Faza. Wakaiita bahari nzuri, mikoko mibichi na nyumba za mawe tukufu. Kisha wakahitimisha kwa dua. Ukiyaondoa majina hayo na kutia Kilwa au Bagamoyo, beti zitasimama vilevile. Sifa inayoweza kuvikwa mji wowote si sifa ya mji huo.

Kasoro hii yatokana na msamiati. Neno mikoko lilitumika kwa miti yote iotayo katika maji ya chumvi. Lakini mkata miti hutenga mkoko na mkandaa, muia na mchu, mlilana na mkomafi, kwa kuwa kila mti una kazi yake. Mlilana, kwa mfano, hutoa mataruma ya vyombo. Miti ikisha kukatwa hupewa majina mengine kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Na boriti ndiyo iliyoipima nyumba ya mawe. Upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa boriti zinazobeba dari, na ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mtungaji ajuaye jambo hili aweza kuufunga msitu na mji kwa neno moja, wala hana haja ya kutaja urithi.

Shairi moja lilikaribia daraja hiyo. Lilimfuata mkata boriti aliyengoja bamvua apate kuingiza chombo chake ndani ya kijito, akafanya kazi maji yalipokupwa, akatoka yalipojaa tena. Halikumwambia msikilizaji kwamba pwani ni nzuri. Lilimwonyesha mtu anayeishi kwa saa za maji. Aidha, mtungaji alilighani kwa Kiamu chake.

Wenzake kadhaa waliona haya kufanya hivyo, wakaisahihisha lahaja yao ifuate lugha sanifu. Ni kweli kwamba Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilifanya kazi yake juu ya msingi wa Kiunguja, na vitabu vya shule vilipata faida kwayo. Lakini usanifishaji si hukumu juu ya shairi. Katika Kiamu macho ni mato, neno liwezalo kufungamana kwa kina na mto au mtoto. Ukiligeuza kuwa macho, kina kimevunjika, na ubeti hauna budi kutungwa upya.

Watungaji hawa wana mfano karibu nao. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuonya kwamba dunia yapita, hakutosheka kusema kwamba fahari ya Pate imekwisha. Alituingiza ndani ya nyumba zenyewe, hata tukaona madaka ya ukutani, mahali pa sahani, yamekuwa malazi ya ndege. Onyo lake lina nguvu kwa sababu nyumba yaonekana.

Pengine itajibiwa kwamba vijana hawayajui tena maneno haya. Hiyo ni hoja ya kuyatumia, si ya kuyaacha. Neno lililowekwa penye kazi yake hujieleza: anayesikia kwamba chombo kilingoja bamvua hatahitaji kamusi ili atambue kwamba maji yalikuwa makubwa. Na wakati haungoji. Serikali ya Kenya ilikataza kusafirisha boriti nje mwaka 1982, na hivyo ikakoma biashara iliyozipeleka Arabuni kwa majahazi. Mwaka 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa, baada ya bahari kuchimbwa kina. Kazi zikibadilika, majina yake hubaki bila mwenyewe.

Yafaa basi watungaji wakae na wakata miti, mafundi wa vyombo na wavuvi kabla ya kushika kalamu. Waandalizi nao wayaandike mashairi kama yalivyotamkwa, pamoja na faharasa ya maneno mwishoni. Kazi hiyo ya pili yatuhusu na sisi wa vyuo, maana tumezikusanya tenzi za kale kwa bidii, na maneno ya mkata boriti aliye hai bado hatujayaandika kwa ukamilifu.