Kinanda cha Umeme Katika Ngoma ya Asili

Kama yafaa au haifai kuchanganya muziki wa asili na mashine za umeme, hilo ni swali ambalo watu wenyewe wamekwisha kulijibu, wala halingoji tena hukumu ya wahakiki. Lililobaki ni swali gumu zaidi: katika mchanganyiko huo, nani humfuata nani? Mashine ikimfuata mwimbaji, ngoma imepata chombo kipya. Mwimbaji akiifuata mashine, ngoma imepata bwana mpya. Katika insha hii nitazipima santuri mbili za ukoo mmoja wa Wagogo, na kipimo changu nitakichukua Usukuma.

Nachagua Usukuma kwa sababu huko, katika vijiji kama Mwamanyili mkoani Simiyu, uhakiki wa ngoma ni kazi ya umma. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, yanayofanyika baada ya mavuno, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na lenye kuvuta watazamaji wengi ndilo lishindalo. Kwa ajili hiyo wachezaji wametafuta kila ajabu: wengine hucheza na nyoka, wengine na nungunungu, wengine hurusha majembe. Mtazamaji aliyelelewa na desturi hiyo hawezi kuichukia mashine kwa kosa la upya tu. Lakini ajua pia kwamba ajabu ni mtumishi wa wimbo. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, ndiye atoaye sauti, na wengine humwitikia.

Santuri ya kwanza ni Assembly, iliyotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Real World ya Uingereza. Ndani yake Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya kazi yake kwa miaka mingi Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, ameshirikiana na Michael Brook, mpiga gita wa Kanada ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kama hiyo na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani. Zawose mwenyewe hakuwa mlinzi wa makumbusho. Aliongeza vyuma vya marimba yake, iitwayo ilimba, na nyuzi za zeze lake, kupita kadiri ya wazee wake. Tena ilimba, kwa utando wa buibui unaozibwa juu ya tundu lake, ilikuwa na mvumo wa kukwaruza kabla umeme haujafika Ugogo. Basi si haki kusema kwamba mashine ilimkuta mtu aliyelala.

Tatizo liko mahali pengine, nalo ni la hesabu. Kinanda cha umeme, kama kilivyotengenezwa kwa kawaida, hugawa kila duru ya sauti katika hatua 12 zilizo sawa. Mlingano wa Wagogo, kama alivyoeleza mtaalamu Gerhard Kubik, watokana na sauti ndogo zinazozaliwa kwa maumbile ndani ya sauti moja kubwa. Sauti ya saba katika mfuatano huo huanguka chini ya ile iliyo karibu nayo katika kinanda, kwa kadiri ya theluthi moja ya hatua. Theluthi hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa sikio la Mgogo ndiyo nyumbani. Mpiga ilimba husukuma chuma ndani au hukivuta nje mpaka sikio lake liridhike. Kinanda hakimwulizi mtu.

Kwa kipimo hiki, Assembly yasimama nusu kwa nusu. Gita la Brook linaposhika sauti moja ndefu bila kukatika, huwa kama sakafu ambayo sauti ya Zawose yaweza kupanda na kushuka juu yake kwa ngazi zake mwenyewe. Hapo mashine imekubali kuwa mwitikiaji. Lakini pigo la mashine linapotangulia, ilimba hubaki pambo, na mwenye nyumba hukaribishwa kwake kama mgeni.

Santuri ya pili ni Maisha ya mwaka 2024, ya kundi la Zawose Queens, yaani Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Walisaidiwa na watengenezaji wa Kiingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell. Hapa umeme upo, ila wanawake hawa wawili ndio watoao sauti, na mwendo wa ngoma za muheme, ambazo kwa Wagogo ni ngoma za wanawake, wasikika kuwa ndio mwendo wa kazi yote. Naona hii imeshinda ile ya kwanza, ingawa sifa za Hukwe hazipungui. Mashine imekaa katika safu ya wenye kuitikia.

Waturuki wamekutana na jaribu hilohilo. Kundi la Altın Gün, lililoanzishwa Amsterdam mwaka 2016, huimba nyimbo za jadi za Anatolia kwa vinanda na saz ya umeme. Saz ina vigawa-sauti vya uzi uliofungwa shingoni, navyo vyaweza kusogezwa. Kwa hiyo umeme ulipoingia katika saz, ngazi za kale zilibaki mikononi mwa mpigaji. Umeme ni kuni tu. Chakula ni shauri la mpishi.

Onyo langu basi lawahusu zaidi vijana wa Usukuma, ambako kinanda na kompyuta vimekwisha kuingia katika nyimbo. Kijana ajifunzaye kuimba kwa kukifuata kinanda huipoteza ile theluthi bila kujua kwamba aliwahi kuwa nayo, na jambo lililopotea hivyo halina wa kulililia. Kompyuta za leo zaweza kufundishwa mlingano wowote. Mwenye kutengeneza nyimbo na aketi kwanza karibu na ningi, ailinganishe mashine na koo lile, kisha ndipo aanze kurekodi.